Mume wangu anatazama bei ya tiketi tu, nami siku ya safari inanimaliza

Mwanangu mshauri,

Salaam. Mimi na mume wangu tumestaafu. Yeye ana miaka 71, mimi 67. Tunaishi kwenye nchi ambayo baridi ikiingia haina mchezo: jua linazama saa kumi jioni, njia za miguu zinaganda barafu, na kwa watu wa umri wetu kuteleza mara moja kunaweza kukuweka kitandani miezi. Ndiyo maana tangu tuache kazi tumekuwa tukiweka akiba kidogo kidogo, na baridi ikishika kasi tunafunga nyumba na kwenda kukaa wiki chache mahali penye joto karibu na bahari. Nashukuru Mungu kwa hilo. Tukishafika, maisha ni mazuri. Mume wangu anatembea ufukweni asubuhi, goti langu linapata nafuu, na tunaongea kama tulivyokuwa tukiongea kabla ya watoto kuzaliwa.

Shida yangu ni siku ya kwenda na siku ya kurudi.

Mume wangu ndiye anayepanga safari, na kitu anachokiangalia ni bei basi. Ikiwepo tiketi ya kubadilisha ndege mara mbili, inayoanza safari alfajiri na kufika usiku wa kesho yake, hiyo ndiyo anayoinunua, kisha ananionyesha kwa furaha kiasi alichookoa. Safari iliyopita aliunganisha mwenyewe tiketi mbili za mashirika tofauti. Tulitoka nyumbani usiku wa manane kwa sababu alihofia theluji barabarani. Ndege ya kwanza ikakaa chini muda mrefu ikingoja zamu ya kunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu kwenye mabawa. Tulipotua pale pa kuunganisha, muda uliobaki ulikuwa mdogo na lango letu lilikuwa upande wa pili kabisa wa uwanja.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Mume wangu alinyakua mabegi yote mawili ya mkononi akaanza kwenda mbio. "Njoo, njoo," anasema bila kugeuka. Nikabaki nyuma na goti langu. Kwenye ukaguzi wa usalama alikuwa ameshamwonyesha ofisa pasipoti zetu na kadi zetu za kupandia ndege, akazirudisha zote mfukoni mwake na kupita. Mimi nikaelekezwa mstari mwingine. Nikaambiwa nivue viatu vya baridi, vile vya kamba ndefu, na benchi hakuna. Nikasimama kwa mguu mmoja nimeshikilia ukingo wa meza huku watu wakinisubiri nyuma. Nilipomaliza kuvaa, simwoni. Pasipoti yangu anayo yeye, dawa zangu za presha ziko kwenye begi alilobeba, simu yangu imezima chaji. Nilisimama pale katikati ya umati, mtu mzima mwenye wajukuu, sijui niende kulia au kushoto.

Tulipoonana ndege ilikuwa imeshaondoka. Shirika la pili likasema kuchelewa kwetu haliwahusu, tununue tiketi nyingine. Usiku ule tuliukesha kwenye viti vyenye mikono ya chuma katikati, vile ambavyo huwezi hata kujinyoosha. Kuna mfanyakazi wa uwanja alituona, akatuuliza kwa upole kama tungependa kuletewa viti vya magurudumu. Mume wangu akamjibu kwa ukali, "Sisi si wagonjwa." Asubuhi niliona miguu yake imevimba mpaka soksi zimechora alama kwenye ngozi. Tulipofika tulikotaka kwenda, sanduku letu moja halikufika nasi, na siku za mwanzo zote tulizimalizia kitandani.

Sasa baridi inakaribia tena, na ameanza kutafuta tiketi. Mwanangu wa kiume anasema tumezeeka, tubaki nyumbani tupashe nyumba moto. Mume wangu anasema ninakuza mambo, tabu yenyewe ni ya siku moja tu. Nimefikia hata kufikiri nimwambie aende peke yake. Sitaki kumnyima raha yake wala kumvunjia heshima, maana ni mtu aliyeongoza watu kazini miaka mingi na hajazoea kusaidiwa. Nimwambieje? Na kweli, kwa umri wetu, kuna namna ya kusafiri bila kuchakaa hivi?

Ni mimi,
Mama aliyeachwa nyuma

JIBU

Shikamoo mama.

Nianze na lile unalotaka kulijua. Safari msiiache, na mzee asiende peke yake. Mnachotakiwa kuacha ni tiketi ya namna ile. Mwanao anasema hivyo kwa mapenzi, ila hapo simuungi mkono: wiki chache za kutembea nje bila hofu ya barafu, jua mchana, na mazungumzo na mwenzi wako ni afya kwenu nyote. Kilichoharibika ni siku mbili, na siku mbili zinaweza kurekebishwa.

Mzee anaposema tabu ni ya siku moja tu, mrudishe kwenye hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo lugha anayoiamini. Kaeni mezani siku ambayo hakuna aliyechoka wala kukasirika, kabla tiketi haijanunuliwa. Andikeni bei ya tiketi zile za kwanza. Chini yake andikeni tiketi mpya mlizolazimika kununua, chakula cha uwanjani, nguo mlizonunua wakati sanduku halijafika, na nyumba ya kupanga mliyoilipia siku zile mlizokuwa mmelala. Jumlisheni. Sina shaka jumla hiyo itazidi bei ya ile tiketi ya moja kwa moja aliyoikataa. Usiitoe kama ushindi juu yake. Mwachie ajumlishe mwenyewe, naye ataona.

Ila bei si kiini cha jambo hili, mama, nawe nadhani umeshaliona. Mtu aliyeongoza wengine miaka mingi akistaafu hubakiwa na sehemu chache za kuonyesha kwamba bado anaweza. Kupanga safari ni mojawapo. Kubeba mabegi yote mawili ni nyingine. Alipomkaripia yule mfanyakazi hakuwa na chuki naye. Alisikia mbele za watu neno ambalo mwenyewe hajakubali kulitamka. Kwa hiyo usimnyang'anye kazi ya kupanga. Ibadilishe kazi yenyewe. Mwambie: "Baba, nataka utupangie safari ambayo mimi nitafika bila kuchakaa." Hiyo ni kazi ngumu kuliko kutafuta bei ya chini, na itamtaka akili zake zote.

Na mweleze wazi kilichokupata pale kwenye ukaguzi. Katika barua yako sijaona mahali unaposema uliwahi kumsimulia. Huenda anachokumbuka yeye ni kuikosa ndege, wala hajui kwamba ulisimama kwa mguu mmoja umeshika meza, huna pasipoti, huna dawa, huna simu. Mweleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi, bila kuongeza lawama. Mume anayekimbia na mabegi ya mkewe mikononi anadhani anamsaidia. Akijua alikuacha kwenye hofu, atakuwa mtu wa kwanza kukataa yajirudie.

Sasa tiketi. Shurti la kwanza, ambalo nakuomba usilegeze hata kidogo: safari nzima iwe kwenye tiketi moja. Mkinunua tiketi mbili tofauti, shirika la pili halina habari kwamba mnatoka kwenye ndege nyingine. Kwao ninyi ni abiria ambao hawakutokea, na hapo tiketi hupotea, mara nyingi pamoja na ndege ya kurudi iliyomo ndani yake. Ikiwa tiketi ni moja na ndege ya kwanza imechelewa, shirika la ndege lina wajibu wa kuwatafutia ndege nyingine, na kwa kawaida masanduku husajiliwa mpaka mwisho bila ninyi kuyakokota katikati ya safari. Tofauti hii peke yake inatosha kulipia ongezeko la bei.

La pili, kama ndege ya moja kwa moja ipo, ichukueni. Kama haipo, badilisheni ndege mara moja tu, na muda wa kuunganisha usipungue saa tatu. Kila uwanja una muda wa chini uliowekwa wa kuunganisha, na mitandao ya kuuza tiketi itawauzia bila wasiwasi muda ulio juu ya huo kwa dakika chache. Unatosha kwenye makaratasi. Haumhesabu mtu mwenye goti bovu, wala foleni ya pasipoti, wala theluji. Ukiwa na uwezo wa kuchagua pa kuunganishia, chagueni uwanja ulio upande wa joto, ili baridi iwe imebaki nyuma yenu mapema.

Maana baridi ina tabia zake. Ile dawa ya mabawa uliyoitaja, mama, si uzembe wa shirika. Barafu kidogo tu juu ya bawa inaharibu mpito wa hewa unaoinua ndege, hivyo rubani hawezi kuruka mpaka iondolewe. Tena dawa hiyo ina muda wake wa kufanya kazi. Ndege ikinyunyiziwa kisha ikakwama kwenye foleni ya kuruka huku theluji inaendelea kuanguka, hurudi kunyunyiziwa upya. Na ndege moja huzunguka miji kadhaa kwa siku, kwa hiyo kuchelewa kwa asubuhi huongezeka kadiri siku inavyokwenda. Ndege ya asubuhi mara nyingi imelala palepale uwanjani, na mkiikosa au ikifutwa bado kuna siku nzima mbele ya kupata nyingine. Hapo mume wako alikuwa na hoja nzuri, na mwambie hivyo. Kilichowaumiza ni kutoka nyumbani usiku wa manane. Nendeni jioni ya kuamkia safari mlale karibu na uwanja, muamke mmepumzika. Fedha ya chumba hicho itolewe kwenye bajeti ya safari tangu mwanzo, isihesabiwe kama anasa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii wanapochagua pa kwenda. Kinachouchanganya mwili si umbali peke yake, ni kubadilika kwa saa. Mkienda kusini moja kwa moja, hata saa nyingi angani, saa zenu hazibadiliki sana na usingizi haupotei. Mkienda mashariki au magharibi kwa kuvuka kanda nyingi za saa, mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa iliyobadilika, na mashariki ni kugumu zaidi kwa sababu saa ya mwili wa binadamu kwa kawaida ni ndefu kidogo kuliko saa 24. Kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kulala mapema. Kama bahari ya kusini mwenu ina joto la kuwatosha, hamna haja ya kuvuka nusu ya dunia. Kwa wiki chache tu za mapumziko, mimi ningelitazama hilo hata kabla ya kutazama picha za ufukwe.

Nije kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu hapa ndipo siku yenu inapoweza kubadilika kabisa. Huduma hiyo haijawekwa kwa ajili ya wagonjwa tu. Imewekwa kwa yeyote ambaye umbali wa uwanja, ngazi au kusimama muda mrefu kunamtaabisha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ni haki kwa mujibu wa kanuni namba 1107 ya mwaka 2006, na hailipiwi. Marekani nako sheria ya mwaka 1986 inayowahusu abiria wenye ulemavu inayataka mashirika yatoe msaada bila malipo. Mnachotakiwa ni kutoa taarifa mapema, angalau saa 48 kabla ya kuondoka, wakati wa kununua tiketi au kwa kulipigia simu shirika. Mtaulizwa kiwango cha msaada: kuna anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege lakini hawezi masafa marefu ya uwanjani, kuna asiyeweza ngazi, na kuna anayehitaji kufikishwa mpaka kwenye kiti. Kwa maelezo yako wewe ni wa kiwango cha kwanza. Sema hivyo hivyo, usijikaze na usiongeze.

Umeona nilivyosema wewe, sikusema mzee. Goti ni lako, haja ni yako, na ni ya kweli. Omba msaada kwa jina lako. Mwambie mumeo, "Nimeomba kiti kwa ajili ya goti langu, nataka utembee kando yangu." Hakuna uongo hapo wala hila. Mtu anayesukuma kiti anajua njia, anajua lifti iliko, na viwanja vingi vina njia maalumu ya ukaguzi kwa wanaosaidiwa, ambako utapata mahali pa kukaa ukivua viatu. Mume wako atakuwa mwenzako wa safari badala ya kuwa mtu wa kutangulia mbio.

Hata hivyo, kaa ukijua kwamba msaada huo nao una foleni zake. Wakati mwingine mtaachwa kwenye eneo la kusubiria mkingoja msaidizi wa pili, na moyo utaanza kwenda mbio mkiona saa inasogea. Ndiyo sababu nyingine ya zile saa tatu. Mkifika kaunta ya shirika, thibitisheni tena kwamba ombi liko kwenye mfumo, na kabla ya kutua mkumbusheni mhudumu wa ndege. Viatu vya kamba ndefu vifunge sandukuni. Safiri na viatu vya kuingiza mguu tu, na nguo za tabaka mbili tatu unazoweza kupunguza kadiri joto linavyopanda.

Vitu vyako vibaki kwako. Kila mmoja awe na pasipoti yake, kadi yake ya kupandia ndege iliyochapishwa, dawa zake, fedha kidogo na simu yenye chaji, ndani ya mkoba unaovaliwa mwilini. Mzee akitaka kubeba mabegi, abebe nguo. Kile kibetri cha kuchajia simu kiwekwe kwenye begi la mkononi, kwa kuwa betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege. Kubalianeni pia mahali pa kukutana mkipotezana: lango la ndege, basi. Anayefika kwanza anamngoja mwenzake pale pale.

Dawa nazisemea zaidi kidogo, kwa sababu sanduku lenu lilipotea, na lingeweza kuwa na dawa ndani. Chukueni za muda wote wa safari na za wiki moja ya ziada, zote kwenye begi la mkononi, ndani ya vifungashio vyake vya asili, pamoja na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la kila dawa. Jina la kibiashara la kwenu huenda halijulikani huko mwendako. Dawa za maji mnazozihitaji huruhusiwa hata zikizidi ile mililita 100 ya kawaida, mradi mzionyeshe kwenye ukaguzi. Kama kuna anayetumia insulini, isiwekwe kabisa chini ya ndege, kwa kuwa inaweza kuganda, na ikishaganda imeharibika. Halafu ulizeni ubalozi wa nchi mwendako kuhusu dawa za maumivu: zenye codeine au tramadol huzuiwa au huhitaji kibali katika baadhi ya nchi, hata kama kwenu mnaandikiwa na daktari bila tatizo.

Kuhusu miguu ya mzee, naomba hilo lisipite hivi hivi. Miguu yote miwili kuvimba kidogo baada ya kukaa sana ni jambo la kawaida na hupungua mtu akilala. Lakini kwa mtu wa miaka 71, amwone daktari kabla ya kununua tiketi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa kwa saa nne au zaidi huongeza karibu maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya ndani. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000, lakini hupanda kwa mwenye historia ya ugonjwa huo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au mwenye saratani. Daktari ndiye atakayesema kama anahitaji soksi za kubana miguu na za kipimo gani. Msijichagulie, wala msianze kumeza aspirini kwa ushauri wa jirani. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma peke yake, au pumzi ikabana, hata siku kadhaa baada ya kufika, hiyo ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ndani ya ndege chukueni viti vya kando ya njia, mkae mkitazamana kwa kuvuka njia kama ikibidi, ili kila mmoja ainuke bila kuomba ruhusa. Hewa ya ndani ina unyevu mdogo sana, mara nyingi chini ya asilimia 20, na shinikizo lake ni kama la hewa iliyo juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ndiyo maana mtu hushuka na kichwa kizito hata kama hakufanya kazi yoyote. Kunyweni maji. Najua wazee wengi hujinyima maji siku ya safari kwa kuogopa foleni ya choo. Kiti cha kando ya njia ndicho dawa ya hofu hiyo. Anayetumia dawa ya kukojoza kwa ajili ya presha amuulize daktari kama anaweza kusogeza saa ya kumeza siku hiyo. Asiiache kwa uamuzi wake.

Mambo yakiharibika tena, mjue haki zenu. Mkiwa mnaondoka kwenye uwanja ulio ndani ya Umoja wa Ulaya, au mnaingia huko kwa shirika la huko, kanuni namba 261 ya 2004 inalitaka shirika liwape chakula na vinywaji kuchelewa kukifikia saa mbili au zaidi kulingana na umbali, na hoteli mkilazimika kulala njiani. Kwa theluji na dhoruba shirika halilazimiki kuwalipa fidia, ambayo ni kati ya euro 250 na 600, lakini wajibu wa chakula na malazi hauondoki kwa sababu ya hali ya hewa. Watu wengi huambiwa "ni hali ya hewa" wakaenda kulala kwenye viti vya chuma bila kuuliza. Ulizeni. Msipopewa, nunueni vya bei ya kawaida na mtunze risiti. Nasisitiza tena kwamba haki hizi zinakaa ndani ya tiketi moja. Kwenye tiketi mbili za kuunganisha wenyewe zisingewasaidia mlipoachwa na ndege ya pili.

Sanduku likikosekana, msitoke nje ya ukumbi wa mizigo kabla ya kujaza taarifa kwenye ofisi ya mizigo na kupewa namba yake. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, uliopokewa na nchi nyingi, mzigo uliochelewa hudaiwa kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu mlipokabidhiwa, ulioharibika ndani ya siku 7, na usioonekana kwa siku 21 huweza kudaiwa kama uliopotea. Kikomo cha malipo tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa kila abiria, SDR ikiwa ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Wekeni nguo za siku mbili za kila mmoja kwenye begi la mkononi, na mgawanye nguo zenu katika masanduku yote mawili, ili likipotea moja asibaki mtu bila chochote.

Bima ya safari nunueni siku ile ile mnayonunua tiketi, na mtaje maradhi yote mliyonayo. Maradhi yasiyotajwa ndiyo sababu ambayo kampuni za bima huishika kukataa kulipa. Soma pia masharti ya bima ya nyumba: nyingi huweka kikomo cha siku nyumba inaweza kukaa tupu, na baadhi hudai maji yafungwe au joto lisizimwe wakati wa baridi, kwa sababu mabomba yakiganda hupasuka.

Hili linanipeleka kwenye siku ya kurudi, ambayo watu huipanga kwa kuichukia. Mnatoka kwenye joto mnaingia kwenye barafu, mmechoka, usiku, na nyumba baridi. Kama kuna uwezekano, chagueni ndege inayotua mchana. Makoti yawe kwenye begi la mkononi, si chini ya ndege. Mwanao, ambaye hataki ninyi msafiri, mpe kazi: aje awapokee, na kabla ya hapo apite nyumbani awashe joto na kumwaga chumvi kwenye njia ya mlangoni. Atakuwa amepata njia ya kuwajali ambayo haiwafungii ndani.

Na mzee akikataa yote haya, je? Basi simamia mawili tu: tiketi moja, na msaada kwa jina lako. Mwambie kwa upole kwamba bila hayo hutasafiri, na umaanishe. Sidhani kama mtafika huko. Msaada ukishaombwa kwa jina lako, mwenzako huruhusiwa kuandamana nawe kwenye njia ile ile ya ukaguzi na kwenye lifti ile ile, hata bila kukaa kwenye kiti chochote. Siku atakayotaka kukaa, atakiomba mwenyewe, na shirika linahitaji tu zile saa 48.